Ngoma ya Pepo na Jina la Urithi

Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliingiza ngoma ya Wagnawa wa Moroko katika orodha yake ya urithi wa wanaadamu. Tamasha la ngoma hiyo katika mji wa Essaouira lilianza mapema zaidi, mwaka 1998. Wapo wapenda utamaduni wanaouliza: kwa nini ngoma za pepo za Pemba nazo zisipandishwe jukwaani? Suala hili linahitaji jibu la kielimu.

Wagnawa ni kizazi cha watu weusi waliopelekwa Moroko utumwani kutoka kusini mwa Sahara. Usiku wao wa ngoma huitwa lila. Kiongozi ni maalem, neno la asili moja na "mwalimu" wetu, naye hupiga gembri ya nyuzi tatu huku wenziwe wakigonganisha vyuma. Hutajwa Allah na kuswaliwa Mtume (S.A.W.), kisha huitwa majini kundi baada ya kundi, kila kundi na rangi yake na ubani wake, mpaka mgonjwa apandwe.

Msomaji wa Wete au Chake Chake hahitaji maelezo zaidi; kilinge na chetezo anavijua. Mtafiti Kjersti Larsen, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu mji wa Zanzibar, ameeleza makabila ya pepo hao: ruhani, wanaodaiwa kuwa Waislamu, rubamba, wanaonasibishwa na Pemba, habeshia, na kibuki wa Bukini, ambao hutaka brandi. Kwa jicho la tarehe, orodha hii ni kumbukumbu ya watu waliofika visiwani, baadhi kwa hiari na wengi kwa minyororo. Baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, kwa sehemu kubwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Wengi wao hawakuacha maandishi. Anayesema ngoma zao zisichunguzwe kabisa anafunga mlango mmojawapo wa kuwajua.

Lakini kuchunguza si kuhuisha. Jukwaani huonekana mdundo na nguo; haionekani nadhiri aliyowekewa jini, wala mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake. Na hayo ndiyo yanayogusa tawhidi. Surat al-Jinn, aya ya 6, imekwisha kutueleza kuwa watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila madhila. Kuiita nadhiri hiyo urithi hakubadili hukumu yake, kama ambavyo kubadili jina la pombe hakuihalalishi.

Mawaidha yetu nayo yana kasoro. Baadhi ya wahubiri hutia kila ngoma kapu moja na kuiita ya washenzi, dharau ambayo haina dalili yoyote ya sharia. Mafakihi walipambanua. Katika madhehebu ya Shafi dufu limeruhusiwa harusini, na vyombo vya nyuzi kauli mashuhuri ni kuharamishwa; Ibn Hajar al-Haytami aliandika kitabu kizima katika kukaza, na Imam Ghazali katika Ihya akawa mpana zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, naye akamwacha Bibi Aisha atazame. Mchezo ule haukuwa na jini wa kuridhishwa.

Wagnawa hujinasibisha na Sayyidna Bilal, na mtu aliyetoka utumwani ana haki ya kupata faraja kwake. Lakini Bilal alilazwa juu ya mchanga wa moto wa Makka, jiwe kifuani, akitakiwa amkane Mola wake, naye hakusema ila Ahad. Nasaba hii ni nzito kwa anayeita majini usiku kucha.

Basi wenye vyuo na taasisi za utamaduni wawahi wazee: waandike majina ya ngoma, ala, maneno ya zamani na habari za mashamba walikotoka. Mgonjwa apelekwe hospitali na asomewe Qur'ani, na kilinge kisijengewe jukwaa.