Kucha za Barafu

Mzee alininyooshea kidole, kisha akakionyesha kiti cha pikipiki ya theluji. "Kaa," akasema. Nikakaa. Yeye akalala chali kwenye sakafu ya saruji, tochi mdomoni, macho kwenye reli za chini. "Jitikise." Nikajitikisa. Mikono ya saspensheni ikashuka kwa uzito wangu, ikapanda, ikashuka tena. Mzee akatoa tochi mdomoni, akaifuta kwa dole gumba alama ya chaki aliyokuwa ameiweka kwenye reli, akaichora upya nyuma kidogo. Upana wa kidole kimoja tu. Sijaacha kuufikiria upana ule.

Karakana yake ipo kaskazini mwa Minnesota, Marekani, si mbali na Roseau, mji mdogo ambako Polaris ilianza katika miaka ya 1950. Wakenya na Wakongo wengi wa jimbo hili wanaishi kusini, kwenye mji mkubwa. Sisi wachache tuliofuata riziki hadi huku juu tunaishi na maziwa yanayoganda mpaka magari yanapita juu yake. Mwanzoni kwangu weupe wote ulikuwa mmoja. Mzee ndiye aliyenifundisha kwamba theluji ni kitu kingine na barafu ni kitu kingine, na kwamba mashine huijua tofauti hiyo kabla ya dereva wake.

Niliijua kwa kuunguza. Nilikuwa nimeazima mashine, nikavuka ziwa asubuhi ya Machi, baada ya siku mbili za jua na usiku wa baridi kali. Upepo ulikuwa umefagia kila chembe laini. Barafu imebaki tupu, nyeusi, inang'aa. Nikaendesha kwa furaha ya mtu asiyejua. Kwanza ilikuja harufu, kama ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Kisha taa nyekundu ikawaka. Nilizima injini katikati ya ziwa, nikasikia barafu ikiguna chini ya miguu yangu, nikainama kutazama. Plastiki za reli, zile ambazo mkanda wa mpira huteleza juu yake, zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Pembeni yake, waya mbili zenye ncha ngumu zilikuwa zimetundikwa kwenye ndoano, safi kabisa. Dawa nilikuwa nayo muda wote, nami sikuijua.

Hivyo ndivyo vikwaruzo. Mimi nimezoea kuviita kucha. Theluji laini huitumikia mashine bila malipo: mkanda huirusha juu, ikagusa vipoza vilivyo chini ya kiti na maji ya injini yakapoa, nyingine hupenya kwenye plastiki za reli, ikazilainisha. Kwenye barafu tupu hakuna cha kurushwa. Basi unazishusha kucha zako, nazo huburutwa zikiparura, na ule unga mweupe unaochimbuka ndio unaoiokoa mashine. Kitu chenyewe kinatoshea kiganjani, na injini nzima inakitegemea.

Mwenye mashine hakunigombeza. Alinipeleka kwa mzee nikanunue kucha zangu.

Nilidhani atavuta boksi rafuni na kushika spana. Aliketi kwenye kigoda akaanza kuniuliza. Unapita ziwani au kwenye njia za msituni? Unavuta sleji ya mzigo? Unapiga rivasi mara ngapi kwa siku? Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito. Kikwaruzo cha springi ngumu huchimba vizuri, lakini ukirudi nyuma bila kukiinua, ncha hujikita kwenye barafu na chuma kikapinda au kukatika. Cha waya wa kusokotwa hunyumbulika, kikageuka na kukufuata. Kwa mvuvi anayezunguka matundu yake ya samaki, anakwenda mbele na nyuma kutwa nzima, mzee hakubali kufunga kingine. "Chuma nitakiuza," aliniambia, "lakini kwanza nimjue mtu."

Kisha ikaja kazi ya tundu. Reli ni ya alumini, na tundu likishatobolewa halirudi. Likikaa pabaya, ufa huanzia hapo. Kwa hiyo alipima kabla ya kugusa drili. Aliuzungusha mkanda kwa mkono, taratibu, kuona vibanio vyake vya chuma vitapita umbali gani na kichwa cha bolti. Akakilaza kikwaruzo, akakiinua hadi kwenye ndoano, akakilaza tena. Ndipo aliponikalisha juu, kwa sababu mashine isiyobebeshwa mtu hudanganya: mkono wa saspensheni ukiwa juu, kila kitu kina nafasi, mtu akikaa, mkono unashuka na kugonga waya. Mwili wangu ulikuwa kipimo chake. Alipomaliza kutoboa, alisugua kingo za tundu kwa tupa ndogo, akapitisha kidole, akasugua tena mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Mashine hizi zilizaliwa na uangalifu wa namna hiyo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Québec, alimpoteza mtoto wake wa kiume mwaka 1934 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, kwa sababu theluji iliwafungia njia ya hospitali. Miaka mitatu baadaye alipata hataza ya mfumo wake wa kuendesha mkanda, na mwaka 1959 Ski-Doo ikaingia sokoni. Kabla hazijawa starehe, mashine hizi zilikuwa jibu la msiba.

Siku hizi nasimama kando ya ziwa Jumamosi na kutazama zikishushwa kutoka kwenye trela, zinang'aa, ghali kuliko gari langu. Nyingi zina kucha. Zimefungwa kwa haraka, tundu limewekwa pale drili ilipofika kwa urahisi. Nyingine hazijawahi kutoka kwenye ndoano. Plastiki ikiyeyuka, watu huilaumu mashine, wakanunua nyingine. Hakuna anayemwomba mwenzake akae kitini ili yeye alale chini atazame.

Mzee ana kopo la kahawa juu ya benchi, limejaa ncha kuukuu za kabidi. Alinimwagia chache kiganjani akanisomea kama mtu anayesoma barua. Hii imelika sawasawa: ilifungwa vizuri. Hii imelika upande mmoja: iliburutwa kombo majira yote ya baridi. Hii ni ya jirani, alivuka nayo ziwa kila siku mpaka alipozeeka. Zamani watu walimletea ncha zilizokwisha, akawabadilishia, na kwa kuzitazama akajua mwenye nazo anaendeshaje na wapi.

Msimu uliopita nilimpelekea zangu mbili. Alizigeuza chini ya taa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazitupa koponi. Zilitoa mlio mdogo. Nikamuuliza nani mwingine ameleta mwaka huu. Akafunika kopo kwa mfuniko wake, akarudi kufagia karakana.