Kitufe Chekundu Kilishindaje?

Wanaofundisha biashara ya mtandaoni hupenda kusema kwamba nyekundu inauza. Ukidai ushahidi, huenda ukatajiwa jaribio la Performable, kampuni ndogo ya programu za masoko huko Cambridge, Massachusetts, iliyonunuliwa na HubSpot mwaka 2011. Jaribio lilifanyika kweli. Tatizo ni somo ambalo watu wamelitoa humo.

Ukurasa wa kwanza wa kampuni hiyo ulikuwa na kitufe cha kumwalika mgeni aanze kutumia huduma. Baadhi ya wageni walionyeshwa kitufe cha kijani, wengine chekundu, na mambo mengine yote yakaachwa yalivyo: maneno, picha, ukubwa, mahali. Baada ya ziara zaidi ya 2,000, chekundu kilikuwa kimebonyezwa zaidi kuliko cha kijani, kwa asilimia 21. Wengi huishia hapo bila kuutazama ukurasa wenyewe, ambao ulijaa kijani kuanzia kwenye nembo. Kitufe cha kijani kilikuwa kimevaa sare ya ukurasa mzima, na chekundu ndicho pekee kilichofika bila sare. Joshua Porter, aliyeandika kuhusu jaribio hilo, aliwaonya wasomaji wasikimbilie kugeuza vitufe vyao kuwa vyekundu bila kujaribu wenyewe. Onyo lilisahaulika upesi, asilimia 21 ikaendelea kunukuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi ya kitufe, zitazame kwanza rangi zilizokwisha kukaa kwenye ukurasa. Muuza vitenge na khanga ana picha zenye kila rangi. Kitufe chekundu kitamezwa humo. Yeye ningemshauri kitufe cheusi, chenye nafasi nyeupe ya kutosha pande zote. Muuza simu, ambaye bidhaa zake nyingi ni nyeusi na kijivu, ana uhuru zaidi.

Kitufe kikishaonekana, maneno yake nayo yanatakiwa kusomeka, na hili lina hesabu yake. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha matumizi ya tovuti kwa watu wote, hupima tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Kipimo huanzia 1, yaani hakuna tofauti, hadi 21, yaani nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5, makubwa yanaruhusiwa kuwa 3.

Sasa chukua kitufe kilichozoeleka kwenye tovuti za maduka madogo ya hapa kwetu: “Agiza kwa WhatsApp”, herufi nyeupe juu ya kile kijani kinachong'aa, chenye namba ya rangi #25D366. Mbuni aliyekaa ndani mbele ya kioo kikubwa anakiona kizuri. Ukikipima, unapata 1.98, hata nusu ya kinachotakiwa hakifiki. Chanzo ni namna jicho linavyopokea mwanga: katika hesabu ya mwangaza, kijani hupewa uzito wa asilimia 71.5, nyekundu 21.3, na bluu 7.2 tu. Kijani cha namna hiyo kiko karibu na weupe kuliko tunavyodhani. Ugeuze herufi ziwe nyeusi, kipimo kinaruka hadi 10.6. Anayetaka herufi zake zibaki nyeupe atumie kijani kilichokolea, kama #075E54, nacho kinampa 7.7. Rangi ya chungwa ina ugonjwa uleule. Vitufe vya njano na vya chungwa vya Amazon, kwa mfano, vina herufi nyeusi.

Upande wa fonti, duka dogo hujiumiza zaidi kwa uzito wa mafaili. Kila fonti ya kupakuliwa ni faili linalokula bando la mteja. Mtandao ukiwa wa kusuasua, kivinjari cha Chrome kinaweza kuyaficha maandishi hadi sekunde 3 kikisubiri fonti ifike, na katika sekunde hizo mteja anatazama picha isiyo na bei. Kuna amri moja ya kurekebisha hilo, font-display: swap, inayoonyesha maandishi papo hapo kwa fonti ya simu. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana data kabisa haletewi fonti ya kupakuliwa hata kidogo, na alama ya kikapu iliyotengenezwa kwa fonti inaweza kumtokea kama kisanduku kitupu. Mimi sioni sababu ya duka la viatu kuagiza fonti kutoka nje wakati simu nyingi za Android tayari zina Roboto, iliyotolewa mwaka 2011 na inayosomeka vizuri hata ikiwa ndogo.

Bei ndiyo iangaliwe kwa makini zaidi, maana shilingi zetu zina sifuri nyingi. Georgia, fonti ya Matthew Carter ya mwaka 1996, inapendeza sana kwenye makala ndefu, lakini tarakimu zake hupanda na kushuka kama herufi ndogo. Andika 150,000 kwa Georgia: 5 inaning'inia chini ya mstari, na sifuri zinafanana na herufi o. Verdana, ya Carter huyohuyo na ya mwaka huohuo, ina tarakimu za kimo kimoja na upana mmoja, hivyo bei zikipangwa kwenye safu, maelfu hukaa chini ya maelfu. Fonti za mwandiko wa harusi zibaki kwenye kadi za harusi.

Kujaribu rangi kwa wageni halisi, kama walivyofanya Performable, kunataka wageni wengi. Google iliwahi kujaribu aina 41 za bluu kwa sababu ilikuwa na mamilioni ya watumiaji wa kuwagawa. Mbuni wake Douglas Bowman alichoshwa na utaratibu huo akaondoka mwaka 2009. Duka linalopata wageni 50 kwa siku lingehitaji siku 40 kufikisha ziara 2,000. Mwenye duka la namna hiyo achukue simu ya bei nafuu, apunguze mwanga wa kioo hadi nusu, atoke nje saa saba mchana, kisha ampe mtu aliyevuka miaka hamsini, asiyeijua bidhaa, ataje bei na aonyeshe pa kubonyeza.