Mji juu ya mfuko wa unga: picha za Tshibumba Kanda Matulu

Mtu akisema mila, siye watu wa Malemba-Nkulu tunafikiri mara moja lukasa, ule ubao wa shanga ambao bambudye walikuwa wanausoma kwa vidole wakihesabu wafalme na safari zao. Ni vizuri. Lakini je, picha iliyopakwa rangi mjini Lubumbashi na kuuzwa mlango kwa mlango, nayo ni mila? Siye tunasema ndiyo, na tunajua wazee wengine watakataa.

Turudi kidogo nyuma. Katika 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Elisabethville ile karakana iliyoitwa Hangar. Humo njo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Samaki za Pilipili ni nzuri sana, hatubishi. Lakini ukitazama kazi za Hangar utaona ndege, nyoka, swala, majani. Bomba la kiwanda liko wapi? Lile lilikuwa linatoa moshi kila siku mbele ya macho yao! Mwalimu alitaka wachore Afrika isiyoguswa na Bulaya, na soko la wazungu lilipenda vile.

Tshibumba, aliyezaliwa palepale Elisabethville katika 1947, alichukua njia ingine. Hakuwa na karakana wala mfadhili. Turubai yake ilikuwa mfuko wa unga, na watu wake wa kununua walikuwa wafanyakazi na makarani, waliotaka kitu cha kutundika fasi ya kupokelea wageni. Kwa hiyo alichora yale waliyoyajua: bomba na ule mlima mweusi wa takataka za shaba, gereza, askari, watu wa kazi. Picha iliyopendwa sana na wachoraji wa wakati ule ni Colonie Belge: mfungwa amelala chini, askari Mwafrika anamchapa fimbo, mzungu anaangalia tu, na bendera iko juu. Mtu aliitundika juu ya kiti chake na kuiita ukumbusho. Ukumbusho wa zamani, ndiyo, lakini katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, nani hakuelewa kwamba fimbo ingali inachapa?

Alichora pia mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941, siku wafanyakazi walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Alimchora Lumumba amekufa, na nyuma yake misalaba mitatu. Hapa njo tunaona nguvu yake. Kitu cha kila siku, ukuta, waya, kofia ya askari, kinabeba jambo zito bila kupiga kelele.

Ana upungufu. Nyuso zake zinafanana mno, na mara nyingine maandishi ya Kifaransa juu ya picha yanafanya kazi ambayo rangi ingepaswa kufanya. Lakini yeye alijiita mwandishi wa historia, na tukimpima kwa kipimo hicho maandishi yale si kosa tena.

Na hapa anakaribiana na lukasa kuliko Pilipili. Ubao bila msomaji ni shanga tu. Tshibumba naye, alipomuuzia profesa Johannes Fabian mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya Zaire, kati ya 1973 na 1974, hakumpa picha tupu: alikaa akazieleza moja moja, Fabian akirekodi. Miaka michache baadaye, karibu 1981, Tshibumba alipotea, na habari zake hazikujulikana tena. Picha zile zilifika Amsterdam, katika Tropenmuseum. Maelezo yalitolewa katika Kiswahili chetu hiki cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake. Kitabu kilichokusanya picha na maneno kilitoka katika 1996, kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe kiliwekwa kwenye intaneti baadaye, na kwa mwanafunzi wa hapa Malemba anayetaka kukisoma, njia ni hiyo.