WATOTO WA SEYYID SAID



Huenda kitabu cha Kinjeketile kimo nyumbani mwako hivi sasa, kimeachwa juu ya kabati na mtoto aliyemaliza skuli. Ni tamthilia ya Bwana Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, iliyotoka mwaka 1969, na kwa miaka mingi imesomeshwa katika skuli zetu. Wengi tunaikumbuka kwa habari ya maji ya kugeuza risasi. Mimi leo nataka tulitazame jina moja tu lililomo ndani yake, jina ambalo sisi watu wa pwani tumezoea kulipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kinjeketile anatoka mtoni amepagawa. Katika maneno yanayomtoka mna habari ya umoja na ya maji, na mna pia jina la Seyyid Said, kwamba watu watakuwa watoto wake. Baadaye, akili zake zikiwa zimemrudia, anayatafakari maneno yake mwenyewe na hofu inamwingia. Kwani kuwa mtoto wa Seyyid Said, kwa mtu wa Umatumbi wa wakati ule, maana yake ni kumtoa Mjerumani mlangoni na kumkaribisha bwana mwingine.

Jambo hili mwandishi hakulizua. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 juu ya Vita vya Majimaji walilikumbuka jina hilo katika mahubiri ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905. Na Seyyid Said alikwisha kufa tangu mwaka 1856! Basi tujiulize, jina la mtu aliyezikwa Unguja miaka 49 kabla lilikuwa likitafuta nini katika vinywa vya wakulima wa pamba wa bara?

Swali hili sikulipata kwa kusoma. Nililipata Madaba.

Kwa asiyepajua, Madaba ni mji mdogo ulio kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Songea, nchi ya baridi na mahindi. Mwaka juzi nilikaa huko miezi kadhaa kwa biashara yangu, nikapanga chumba kwa mzee mmoja wa Kingoni, Mwislamu mwenzangu, mtu mpole sana. Jioni moja mjukuu wake alikuwa akisoma Kinjeketile kwa sauti, akijiandaa na mtihani. Alipofika penye jina lile mzee alicheka, akanigeukia: "Huyo ni wa kwenu, bwana."

Nilijibu kwa haraka. Nilimwambia kwamba Uislamu haujui rangi, kwamba Sayyidna Bilal alikuwa Mhabeshi na ndiye aliyeadhini, kwamba Qur'ani katika Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane. Yote ni haki, wala hakuna Mwislamu atakayeyapinga. Lakini mzee hakuniuliza Uislamu unasema nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na ile misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ikapita hapa kwetu kwenda Kilwa, ilikuwa ya nani?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipoharibu. Nilimrudishia: "Na waliowakamata watu wakawauza walikuwa nani? Ninyi Wangoni hamkuwa na masutu wenu?"

Kwa faida ya msomaji, Wangoni nao walikuja kutoka kusini ya Afrika. Waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835, na walipofika Songea waliwashinda wenyeji, wakawateka wengi na kuwaingiza katika ukoo na jeshi lao. Hao waliotekwa waliitwa masutu, na Mngoni wa asili hakumhesabu msutu kuwa sawa naye. Kwa hiyo nililolisema lilikuwa la kweli. Mzee alichukua kigoda chake akaingia ndani, na mjukuu akafunga kitabu.

Usiku ule nilifikiri sana. Nilikuwa nimeyachukua mateso ya watu waliotekwa nikayafanya ngao ya kuwakingia babu zangu. Wale masutu sikuwataja kwa kuwahurumia. Niliwataja ili ninyamaziwe, na kweli nilinyamaziwa.

Nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari juu ya Sahaba Abu Dharr. Wengi wetu tunaijua kwa namna inavyosimuliwa na wahubiri, ya Abu Dharr kuliweka shavu lake chini ili Bilal alikanyage. Katika Bukhari hilo halimo, wala jina la Bilal halimo, ingawa wanachuoni wametaja kuwa ndiye. Lililomo ni kwamba mtu mmoja alimkuta Abu Dharr, baada ya miaka mingi, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja, akastaajabu na kumwuliza. Ndipo Abu Dharr mwenyewe akaeleza kwamba alipata kumtukana mtu kwa sababu ya mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Tazama nani anayesimulia. Mkosaji ndiye anayesimulia kosa lake, na hasemi hata neno moja juu ya makosa ya yule aliyemtukana.

Sasa turudi kwenye kitabu. Uzuri mkubwa wa Bwana Ebrahim ni hapo alipomfanya shujaa wake ayasikie maneno yake mwenyewe kwa sikio la yule yatakayemwumiza. Waandishi wengi wa siku zile za mwanzo wa uhuru walitaka shujaa asiye na shaka. Yeye ametupa shujaa anayetetemeka kwa neno alilolisema mwenyewe, tena mbele ya watu waliokwisha kulipenda neno hilo.

Lakini ninayo lawama. Hofu ile inabaki kuwa ya Kinjeketile peke yake. Sisi wa pwani hatuletwi jukwaani tukaulizwa juu ya jina lile, na mwandishi, ambaye ni wa pwani kama sisi, angeweza kutuleta. Kwa sababu hiyo ni rahisi msomaji wa Kilwa au Lindi kukifunga kitabu akisema kwamba kinawahusu Wajerumani. Na walimu nao, kwa kadiri nilivyoona, hukimbilia umoja wa makabila kwa kuwa ndio unaotoka katika mtihani. Hakuna anayewauliza watoto kwa nini sisi, tukitaka kumsifu mtu kwa adabu, tunamwita mstaarabu, yaani aliyefuata mwendo wa Waarabu, na asiyekuwa hivyo tukamwita mshenzi. Neno hilo la pili nimelisikia likitamkwa barazani na watu wanaosali swala tano.

Baada ya siku chache nilimwendea mzee. Sikumletea aya wala historia. Nilimwambia habari ambayo sikuwahi kuisema nje ya nyumba yetu: kwamba mama wa babu yangu, huko Kilwa Kivinje, alikuwa na mwanamke aliyenunuliwa, aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto. Ndiye aliyemlea babu yangu mgongoni. Alikula wenzake wakisha kula. Utumwa ulipofutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922 hakuondoka, na kwetu jambo hilo lilisimuliwa kama ushahidi kwamba alitendewa wema. Nilimwambia mzee kuwa mimi mwenyewe nimewahi kulisimulia hivyo, wala sikujiuliza angekwenda wapi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha, pasipo kuulizwa, alisema kwamba bibi wa baba yake alikuwa Mbena aliyetekwa, na kwamba watu wa ukoo walipomkasirikia walimwita msutu mpaka alipokuwa mkongwe. "Tulipokuwa wadogo na sisi tulimwita hivyo tukicheka," akasema. Mjukuu alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia habari ile.

Tukazungumza mpaka isha, juu ya Kilwa, juu ya nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906, juu ya mambo mengine ambayo hayahusu kurasa hizi. Kabla hatujaachana mzee aliniuliza: "Yule mama wa kwenu aliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimpigia simu shangazi yangu Kilwa, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba yetu. Alisema jina alilopewa pale nyumbani amelisahau, na lile alilokuja nalo hakuna aliyewahi kumwuliza.