Pazia la Shanga na Fundo la Gundi

Katika kipindi cha kazi za mikono ambacho wengi wenu mlikitazama wiki iliyopita, na ambacho kwa insafu kilikuwa na mengi ya kusifiwa kuliko ya kulaumiwa, palitokea tendo moja dogo ambalo tangu nilione halijaniacha nikae kwa raha: fundi alifunga fundo moja juu ya uzi wa pazia la shanga, akadondosha tone la gundi, akaikata ncha papo hapo shingoni mwa fundo, kisha akaenda kwenye uzi uliofuata kana kwamba kazi ya ule wa kwanza imekwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imeharibiwa, tena kwa mkono ulioonyesha dhahiri kwamba unaweza kufanya vyema zaidi.

Sifa zake nizitoe mapema, nisije nikadhaniwa hasidi. Mpango wa rangi, firuzi ikipokewa na kahawia na kahawia ikipokewa na rangi ya samli, ulikuwa wa jicho lililolelewa. Vipuli alivyovitengeneza katika kipindi hicho hicho vilikaa sawa kwenye kulabu zake za shaba, na matamvua ya pamba ya mkufu wake mrefu wa kibohemia yalikuwa na uzito wa kiasi. Hayo yatosha.

Turejee kwenye pazia. Mtakumbuka kwamba alichagua mshipi wa nailoni, ule wa uzi mmoja usiosokotwa ambao wavuvi huupenda kwa kuwa samaki hauoni majini, akautunga shanga za kioo kutoka juu hadi chini bila kuweka fundo hata moja katikati, akaufunga kwenye kijiti cha mvinje kilichong'arishwa na bahari. Kijiti kilipendeza. Lakini nailoni ya namna ile ina tabia mbili ambazo hapana fundi wa shanga aliye na ruhusa ya kutozijua: kwanza haisahau kibiringo ilichozungushiwa dukani, hata ikitundikwa mwezi mzima hubaki ina mikunjo yake, na pili ina utelezi na ukaidi, kiasi kwamba fundo likiisha kukazwa huanza pole pole kutafuta njia ya kujifungua. Muulizeni mvuvi yeyote wa Kunduchi au wa Malindi kama huifunga ndoana yake kwa fundo moja la kawaida. Atawacheka, kwa sababu ajua kwamba fundo la namna hiyo hupunguza nguvu za mshipi kwa takriban nusu, na ndiyo maana yeye huuzungusha mara tano au sita kabla ya kuupitisha kwenye kitanzi na kuukaza kwa mate.

Huenda fundi wetu aliyajua hayo, na huenda ndiyo sababu akaikimbilia gundi. Hapo ndipo ghaidhi yangu ilipo. Gundi ile ya matone, ikaukayo hapo hapo, huwa ngumu mfano wa kioo na haina mnyumbuko, ilhali mshipi ulio chini yake ni kitu kinachopinda na kunyooka kila pazia linapoguswa. Basi pale mwisho wa gundi na mwanzo wa mshipi ulio huru panazuka mpaka ambapo kupinda kote kunakusanyika mahali pamoja, na mshipi hukatikia hapo, si juu yake wala chini yake. Fauka ya hayo, ncha ikiisha kukatwa shingoni, hakuna tena kilichobaki cha kushika hata kama fundo litalegea unene wa unywele. Lau angeacha ncha ya shubiri moja tu, kosa lingekuwa la kurekebishika. Aliikata, na kamera ikamtazama akiikata, na mtangazaji akasema ni nadhifu.

Watu watasema uzito wa uzi mmoja ni mdogo. Ni kweli. Uzi wa mita 2 wa shanga za namba 6, ambazo, kama mjuavyo, ni kubwa kuliko za namba 11, utachukua shanga zaidi ya 600 na hautafika hata robo ya kilo. Lakini pazia la mlangoni halibebi uzito wake peke yake: hubeba bega la mgeni anayepita na sinia ya chai, hubeba mikono miwili ya mtoto anayejaribu kubembea, na hubeba jua la saa tisa alasiri, ambalo huichosha nailoni mwaka hata mwaka mpaka ikawa kavu na kuvunjika. Mkufu hulala shingoni mwa mtu na kuvuliwa usiku. Pazia halivuliwi. Ndiyo maana yule anayetunga pazia kwa kanuni za mkufu, tena za mkufu wa rahisi, ameanza vibaya kabla ya kushika sindano.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, kila baada ya shubiri aliingiza shanga ndefu zile zenye umbo la bomba. Nimeandika mara nyingi, na wahariri wangu wamechoka kunisoma, kwamba shanga za bomba hukatwa kutoka kwenye mrija wa kioo, na kwamba ncha zake aghalabu hubaki na makali yanayotafuna uzi. Anayezitaka na aweke ushanga mdogo wa duara kila upande ili uzi usigeuke juu ya ukingo wenyewe. Hakuweka. Neno hili nitalirudia hadi kalamu inianguke.

Wakongwe hawakuwa na anasa ya gundi, wala hawakuihitaji. Shanga za Venice zilizopitia Unguja kwenda bara katika karne ya 19, ambazo msafiri Mwingereza Richard Burton aliziorodhesha aina baada ya aina katika kitabu chake cha mwaka 1860, na sami-sami nyekundu ikiwa miongoni mwa zilizotakwa sana, zilihesabiwa kwa kete, yaani nyuzi zilizokwisha kutungwa, na kete kumi zikafanya kipimo kilichoitwa fundo. Na zile zilizofika bila uzi zililazimu kutungwa kabla msafara haujaondoka pwani, kwa sababu mzigo uliopukutika njiani ulikuwa hasara isiyo na fidia. Wanawake wa Kimaasai walishona shanga zao juu ya ngozi kwa kano za mnyama, wakitoboa kwanza kwa msumari. Na wa leo, ambao shanga zao nyingi nzuri za kioo hutoka Jablonec katika Bohemia ya kweli, hufumua nyuzi za viroba na kuzisokota, wala sijapata kumwona mmoja wao akidondosha gundi juu ya fundo. Na bibi zetu wa mwambao waliotunga makondavi, mikanda ile mipana ya shanga ya kiunoni iliyovaliwa usiku na mchana, ikaloa jasho na kuogewa, walipitisha sindano katika kila ushanga zaidi ya mara moja, hata uzi mmoja ukikatika mwenziwe hushika. Tazameni tasbihi ya mzee yeyote mcha Mungu: shanga 33 au 99, zinazosukumwa kwa kidole baada ya kila sala kwa miaka, na fundo lake limefichwa ndani ya kishada, halina tone la kitu.

Hapa nakumbuka, bila furaha, maonyesho ya miaka ya nyuma ambapo waamuzi walimpa nishani ya kwanza mtu aliyegandisha taji zima la ukutani kwa gundi ya moto, wakamwacha mama mmoja ambaye kazi yake ingeweza kufuliwa. Waamuzi wa namna hiyo hutazama kwa mbali, kama watazamavyo picha, na hawageuzi kitu nyuma. Vipindi vya runinga vimerithi tabia yao: ukifika wakati wa fundo, kamera hukimbilia matamvua na muziki huongezwa sauti.

Iliyopasa kufanywa haikuwa siri. Uzi wa kusokotwa uliopakwa nta, ukunjwe mara mbili. Chini kabisa uzungushwe ushanga mmoja wa kuzuilia na kurudishwa juu kupitia shanga za mwisho. Kila baada ya shubiri mbili pafungwe fundo, ili ukikatika zianguke shanga za kipande kimoja na si 600 zikitimka chini ya makabati. Na juu, baada ya kufunga kwenye kijiti, ncha irudishwe kupitia shanga nne, ifungwe juu ya uzi mama, ipite nne nyingine, ifungwe tena, ndipo mkasi uitwe. Kazi hii huongeza dakika chache kwa kila uzi. Kwa pazia la nyuzi 40 ni alasiri moja ya ziada, na mwenye jicho la rangi kama lile hana udhuru wa kuikosa.

Basi nyinyi mliokwisha kununua shanga na mshipi ili kumfuata, mshipi rudisheni dukani na kamba ya nta mchukue badala yake. Shanga zenu ni nzuri. Na wewe fundi, kama pazia lile halijauzwa, livue kijitini na ulitunge upya kabla halijapata mwenyewe.