Ngazi na Jiko: Uhakiki wa Dhana ya Unyenyekevu katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa kwa Kilatini nchini Italia katika karne ya 6, ina sura 73. Sura ya 7 inauchora unyenyekevu kwa sitiari ya ngazi yenye vipandio 12, ambayo mtawa huipanda kwa kujishusha. Kipandio cha tatu kinamtaka amtii mkubwa wake. Cha nne avumilie hata anapodhulumiwa. Cha saba aamini moyoni kuwa yu chini ya watu wote. Msomaji anayeishia hapo huona fadhila inayodaiwa kwa mdogo pekee. Kiswahili kinatenganisha unyenyekevu na unyonge: mnyenyekevu hujishusha, mnyonge hushushwa. Swali la kihakiki ni iwapo Kanuni nayo inautunza mpaka huo.

Uhakiki huu unadai kuwa jibu halipatikani kwenye ngazi, bali katika sura zinazopanga maisha ya kila siku. Sura ya 35 inaagiza ndugu wahudumiane kwa zamu jikoni, wala asisamehewe mtu isipokuwa kwa ugonjwa au shughuli nzito zaidi. Jumamosi, anayemaliza zamu hufua vitambaa ambavyo wenzake hujifutia mikono na miguu. Kisha yeye na anayempokea huwaosha wote miguu. Vyombo hurudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Aliye dhaifu hupewa msaidizi ili asihudumu kwa huzuni. Hapa unyenyekevu hauhitaji mtu ajione duni. Unahitaji zamu, na aliyeoshwa miguu wiki hii ataosha ya wenzake zamu yake ikifika.

Sura ya 63 inapanga nafasi za ndugu kwa saa waliyoingia utawani, si kwa umri wala cheo. Sura ya 2 inakataza aliyezaliwa huru kutangulizwa mbele ya aliyetoka utumwani kwa sababu ya asili yake tu. Sura ya 3 inamwagiza Abate aite jumuiya yote panapotokea jambo kubwa, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kwa sura hizo, mkubwa naye anafundishwa kujishusha, na mdogo anapewa sauti.

Hata hivyo, Kanuni ina pengo. Baada ya shauri, uamuzi unabaki mikononi mwa Abate. Katika sura ya 68, ndugu aliyepewa kazi inayomzidi nguvu anaruhusiwa kueleza kwa upole na kwa wakati ufaao. Mkubwa akishikilia agizo lake, hana budi kutii. Abate anaonywa mara kwa mara kuwa atatoa hesabu mbele ya Mungu, lakini ndugu hawapewi njia ya kumhoji. Tena, sura ya 35 inaacha mlango wazi: “shughuli nzito” ndiyo sababu ambayo mwenye cheo hakosi. Sura ya 53 inamtaka Abate awanawishe wageni mikono na kuwaosha miguu pamoja na jumuiya, ila haisemi kwamba naye huingia zamu ya jikoni.

Pengo hilo lina uzito kusini mwa Tanzania, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Ndanda mwaka 1906, chini ya utawala wa kikoloni. Katika mazingira ambamo asili ya mtu iliamua mahali pake pa kukaa, sura za 2 na 63 zilibeba dai zito kuliko sura ya 7. Kuhubiri ngazi bila kutekeleza mpangilio huo wa nafasi ni kumwita mnyonge mnyenyekevu.

Kwa hiyo sura ya 7 isomwe kwa mwanga wa sura ya 35. Ngazi ikisimama peke yake hupima moyo, na moyo wa mtu haukaguliwi na jirani. Zamu ya jikoni inaonekana na wote: ni nani aliyefua vitambaa Jumamosi, na ni nani ambaye kila mara alikuwa na shughuli nzito zaidi. Jumuiya ya Kikristo inayotaka kujua kama inaishi unyenyekevu ianzie kwenye maswali hayo mawili.