Kulia na Kushoto: Istilahi ya Umbo la Molekuli

Katika jitihada za kuiandika sayansi kwa Kiswahili lipo tatizo dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo: namna ya kuitaja molekuli isiyolingana na taswira yake ya kiooni. Kelvin, aliyeunda neno la Kiingereza mwaka 1893, alilichota katika jina la Kigiriki la mkono. Mfasiri naye huona njia nyeupe: molekuli moja ni ya kulia, mwenzake ni wa kushoto. Njia hiyo yapotosha.

Mfano umo katika jani la chai lichumwalo Litein. Theanini yake hupewa herufi L, yaani ya kushoto, kwa kufuata mpangilio wa atomi. Ilhali ikiyeyushwa majini huigeuza kulia nuru itetemayo katika bapa moja. Katika epigalokatekini galeti ya jani hilo hilo, vituo viwili vya kaboni vina herufi R, ya kulia, nayo huigeuza nuru kushoto. Akiandika “theanini ya kushoto” tu, mfasiri hajasema kama ataja umbo au kazi.

Kiswahili chenyewe huelekea kuyachanganya hayo. Mkono wa kulia umepata jina kwa kazi yake, kwani ndio wa kulia chakula. Mezani hilo halina dhara.

Katika nadharia lina dhara kubwa. Tangu vipimo vya kwanza vya miaka ya 1970, uchunguzi wa mitetemo ya molekuli kwa nuru izungukayo umesimama juu ya pengo lililo kati ya umbo na athari. Mkokotoaji huanza na umbo peke yake: kaboni C76, mathalan, iliyotengwa mwaka 1991, au mrija wa kaboni ambao wavu wake wa pembesita umekunjwa mshazari. Kwa kila mtetemo hutafuta badiliko la umeme na badiliko la usumaku, huyazidisha kwa kuzingatia pembe iliyo kati yake, na ishara ya jibu ndiyo ielezayo nuru ya mzunguko upi itafyonzwa zaidi. Tofauti hiyo ni hafifu mno, aghalabu sehemu 1 kati ya 10,000 au pungufu. Tena katika umbo lile lile mtetemo mmoja waweza kutoa chanya na jirani yake hasi. Ni upi basi utakaoitwa wa kulia?

Mwanafunzi wa Litein, asemaye Kikipsigis nyumbani na kusoma kemia kwa Kiingereza, hatakuwa na kamusi ya kumwokoa. Sentensi yenyewe ndiyo mwalimu wake. Mkopo “kairali” haukosei, ila haumwambii kitu. Yafaa neno ukono litengewe umbo, na athari isemwe kwa chanya na hasi. Atakayelalamika kuwa ukono wakaribia kikono, kile kiuzi cha mmea utambaao, akumbuke kuwa nacho hujisokota. Theanini itaandikwa: ukono wa kushoto, mgeuzo chanya. Mrija nao, kadiri hesabu itakavyoonyesha: ukono wa kushoto, mtetemo huu hasi, ule chanya.